Rejesho la Kwanza Hutoka Wapi?

Ndugu Mhariri,

Picha mliyoiweka ukurasa wa mbele Jumamosi iliyopita nimeikata kwa mkasi na iko hapa mezani ninapoandika. Watu 40, mistari minne, fulana mpya za rangi moja, kila mmoja na bahasha yake. Maelezo ya chini yanasema ni vijana wasio na ajira, wajane na watu wenye ulemavu waliohitimu mafunzo ya siku tano na kukabidhiwa mikopo ya kuanzisha biashara, na kwamba marejesho yanaanza wiki ijayo. Habari yenyewe mmeiandika kwa furaha, na siwalaumu. Mimi hayo maneno mawili ya mwisho ndiyo yaliyonifanya niombe kalamu kwa mjukuu.

Nilikuwa afisa mikopo kwa miaka 17, katika taasisi ambayo sitaitaja kwa sababu waliobaki kule ni rafiki zangu. Kazi yangu ilikuwa kutembelea vikundi, kuketi kwenye benchi, kuita majina, kuhesabu fedha na kugonga muhuri kwenye kadi. Vikundi vinne kwa siku, wakati mwingine vitano. Kwa hiyo swali ninalouliza leo nalijua jibu lake, na nalijua vizuri kuliko ningependa. Mtu ambaye Jumatatu alikuwa hana kazi, akapewa mkopo, na Jumatatu inayofuata anatakiwa kuleta rejesho: fedha hiyo ameipata wapi?

Hebu tumfuate. Jumanne anatafuta kibanda. Anaambiwa kodi inalipwa ya miezi sita kwa mkupuo, anarudi kujadiliana. Jumatano anakwenda kuulizia bei za vifaa, anakuta zimepanda tangu alipoandika mchanganuo wake darasani. Alhamisi mtoto anaumwa. Ijumaa ananunua nusu ya alivyopanga. Jumamosi anapanga bidhaa, Jumapili wateja wawili wanapita, mmoja anauliza bei na kuondoka, wa pili anataka kukopa. Jumatatu asubuhi mimi nimekwisha fika, nimeketi, kalamu imefunguliwa. Naye analipa! Analipa kamili, bila kuchelewa, na mimi naandika kwenye ripoti kwamba kikundi kina nidhamu.

Fedha ile inatoka ndani ya mkopo wenyewe. Siku moja nilipokea noti zilizonyooka kama zimepigwa pasi, namba zake zikifuatana, na nikazitambua: nilikuwa nimezitoa mwenyewe siku saba nyuma kwa mama yule yule. Hazikwenda popote. Zililala kwenye mkoba wake wiki nzima zikisubiri kurudi kwangu, pamoja na riba. Nilipomuuliza alicheka, akaniambia wenzake walimfundisha, marejesho ya mwezi wa kwanza unayatenga kabla hujafika nyumbani, vinginevyo utaaibika. Yaani alikopa, akalipia riba fedha ambayo haikufanya kazi hata siku moja, na mtaji uliobaki ukawa mdogo kuliko ule aliouombea.

Watetezi wa mikopo midogo watanijibu kwa jina la Profesa Muhammad Yunus, na wana haki. Mwaka 1976, katika kijiji cha Jobra, Bangladesh, profesa huyo alitoa mfukoni mwake takriban dola 27 akawakopesha watu 42. Mwaka 1983 mradi ukawa Benki ya Grameen, na mwaka 2006 yeye na benki hiyo wakapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Sisi maafisa tulikuwa tukisimuliwa kisa hicho kila semina. Lakini kuna jambo ndani ya kisa ambalo hatukuwahi kulizingatia: wale watu wa Jobra walikuwa tayari na kazi. Mwanamke anayetajwa wa kwanza alikuwa fundi wa viti vya mianzi. Alijua kusuka, alijua nani ananunua, na viti vilikuwa vinatoka mikononi mwake kila siku. Tatizo lake lilikuwa mfanyabiashara aliyemkopesha mianzi kwa sharti la kumuuzia yeye tu, kwa bei aliyoipanga yeye. Dola chache zilimtoa kwenye kamba hiyo. Tangu siku ya kwanza alikuwa na kitu cha kuuza, basi hata rejesho la wiki lilikuwa na mahali pa kutoka.

Sasa ukichukua chombo hicho kilichotengenezwa kwa fundi mwenye kazi ukampa mtu ambaye hajawahi kuuza hata sindano, umempa kiatu cha mwenzake. Mkopo ni wa aliyekwisha anza. Hilo ndilo ninalotaka kulisema, na yanayofuata ni maelezo yake.

Sisemi haya kwa hisia za uzee peke yake. Mwaka 2015 zilichapishwa kwa pamoja tafiti sita za mikopo midogo zilizofanywa Bosnia, Ethiopia, India, Mexico, Mongolia na Morocco. Kwa jumla watafiti walikuta kwamba mikopo iliwasaidia baadhi ya wenye biashara kuzipanua kidogo, ila haikuinua kipato cha kaya za kawaida kwa namna ya kubadili maisha. Mwaka 2013 ulitoka utafiti mwingine, wa mjini Kolkata, ambao mimi ningeubandika kwenye ukuta wa kila tawi. Wakopaji wote walikuwa na mkopo wa aina moja. Kundi moja lilianza kulipa baada ya wiki mbili kama kawaida, kundi la pili likaachwa lipumue miezi miwili kabla ya rejesho la kwanza. Hakuna tofauti nyingine. Karibu miaka mitatu baadaye, faida za biashara za kundi la pili zilikuwa juu kwa takriban asilimia 41. Wiki chache tu za kutodaiwa! Waliachwa wakathubutu kununua mashine, kuweka akiba ya malighafi, kusubiri mteja mkubwa, badala ya kukimbilia kitu cha kuuza na kurudisha upesi.

Utafiti huo huo ulisema pia jambo ambalo wenzangu wa zamani watanikumbusha: walioshindwa kulipa waliongezeka katika kundi lililopewa muda. Kweli. Ukimpa mtu nafasi ya kuthubutu, wapo watakaoanguka. Taasisi inayoishi kwa marejesho haiwezi kulipenda hilo, na ndiyo maana nasema anayeanza kutoka sifuri asipelekwe kwenye mkopo kwanza.

Niwaambie kuhusu cherehani. Alikuwa mama mmoja mshonaji, mume alikwisha ondoka, na mguu wake mmoja ulidhoofika kwa polio tangu utotoni, kwa hiyo alitumia cherehani cha mkono kwa vile cha kukanyaga kilimchosha. Alijiunga na kikundi akakopa ili anunue chenye mota. Akakinunua. Wiki ya tano umeme ukakatika siku nne, wiki ya sita mteja wa sare akachukua kazi kwa ahadi, na rejesho halikupatikana. Utaratibu wetu ulikuwa wa kudhaminiana: asipolipa mmoja, wanalipa wote, na hakuna anayeondoka kwenye benchi mpaka hesabu ifunge. Tulikaa hadi saa tisa alasiri. Hakuna aliyemtukana. Walinyamaza tu na kumtazama, na wenye watoto wadogo wakawa wanawanyonyesha kwa hasira. Wiki ya nane wenzake walikwenda wakabeba cherehani.

Sikukibeba mimi. Kwa miaka mingi nilijiambia hivyo. Kilikaa stoo yetu kati ya friji na viti vya plastiki, tukatangaza kukiuza, na kila aliyekuja kukijaribu alikiacha, kwa sababu mkanda wa mota haukuwapo. Meneja alidhani umepotea njiani. Mimi nilikuwa nimeuona siku walipokuja nacho, umekunjwa, kwenye ngumi ya yule mama. Sikusema kitu. Ni jambo moja nililolifanya sawa siku ile, nalo ni kukaa kimya.

Basi anayeanza anahitaji nini? Kwanza anahitaji kifaa kisichodaiwa. Pili anahitaji kitu cha kuishi nacho wakati biashara haijasimama, kwa sababu tumbo halisubiri mtaji uzunguke. Hili la pili husahaulika kabisa. Mtaji wa maskini hauliwi kwa ujinga, huliwa kwa kukosa fungu jingine. Dawa ya mtoto na kodi ya nyumba zikija, zinakuta kisanduku kimoja tu.

Serikali ya Uingereza, ambayo sidhani iliongozwa na huruma, iliona hilo mwanzoni mwa miaka ya 1980, pale watu wasio na ajira walipofikia milioni tatu. Ilianzisha mpango wa kumlipa asiye na kazi pauni 40 kwa wiki, mwaka mzima, akiwa anajenga biashara yake mwenyewe. Hakudaiwa kuzirudisha. Sharti lake lakini! Ilibidi mwombaji aonyeshe kwamba ana pauni 1,000 za kuweka kwenye biashara, zake au za kukopa. Fikirini: mpango wa wasio nacho unaofunguliwa kwa ufunguo wa wenye nacho. Nimekutana na masharti ya ukoo huo katika kazi yangu. Kijana aliyetoka gerezani anaambiwa alete barua ya mwajiri wa mwisho. Kipofu anaambiwa asaini mwenyewe mbele ya wakili. Mjane anaambiwa alete hati ya kiwanja iliyo mikononi mwa shemeji zake. Anayeandika fomu hana nia mbaya, ila hajawahi kuijaza.

Mfano ulionikaa zaidi ni wa Bangladesh tena, wa shirika la BRAC. Mwaka 2002, baada ya kuona kwamba mikopo yao haiwafikii walio chini kabisa, au ikiwafikia inawaumiza, walianza mpango mwingine. Wanampa mtu mali ya kuanzia, wanampa fedha kidogo ya kujikimu kwa miezi ya mwanzo, wanamfundisha kazi ya mali ile ile aliyopewa, wanamzoesha kuweka akiba, na mtumishi anamtembelea nyumbani mara kwa mara kwa takriban miaka miwili. Ndipo, akiwa na miguu, anafikiriwa kukopeshwa. Mpango kama huo ulijaribiwa nchi sita zikiwamo Ethiopia na Ghana, kaya zaidi ya 10,000, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015: mwaka mmoja baada ya msaada wote kukoma, waliosaidiwa kwa wastani walikuwa bado wanakula vizuri zaidi, wana mali zaidi na akiba zaidi kuliko wenzao ambao hawakusaidiwa. Ni ghali, sikatai. Kumtembelea mtu miaka miwili kunagharimu kuliko kumpiga picha.

Wapo wanaosema fedha ya bure italewewa. Kaskazini mwa Uganda, mwaka 2008, serikali iliwapa vijana waliojipanga kwa vikundi ruzuku ya wastani wa takriban dola 382 kwa kila mmoja, wakajifunze ufundi na kununua vifaa, bila kusimamiwa sana. Baada ya miaka minne kipato cha waliopewa kilikuwa juu kwa asilimia 38 kuliko cha waliokosa. Watafiti waliporudi baada ya miaka tisa, pengo la kipato lilikuwa limezibika. Waliokosa nao walikuwa wamejitafutia taratibu, ingawa waliopewa walibaki na vifaa na ufundi zaidi. Wengine husoma hapo kwamba ruzuku ilikuwa kazi bure. Mimi nasoma miaka kadhaa ya ujana ambayo mtu hakuipoteza akingoja.

Kuhusu wanawake nina neno fupi, maana mnajua. Fedha taslimu ikiingia mkononi mwa mke, nyumba nzima inaijua. Huko Ghana watafiti waliwapa wafanyabiashara wadogo wengine fedha taslimu, wengine vifaa na bidhaa za thamani ile ile. Kwa wanawake, fedha taslimu haikuongeza faida. Vifaa viliongeza, ingawa kwa wale ambao biashara zao zilikuwa na ukubwa fulani tangu mwanzo. Afisa mikopo yeyote angeweza kuwaambia. Nimeona mikopo ya wake inavyobadilika kuwa matairi ya pikipiki za waume.

Mafunzo je? Hizo siku tano sizidharau, maana ukumbi una viti na watu wanajuana. Ila nimekaa kwenye nyingi. Mwalimu anachora mizania, yaani jedwali la mali na madeni, ubaoni, watu wananakili, siku ya mwisho cheti. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa wafanyabiashara wadogo 1,500 huko Togo. Waliofundishwa kwa mtindo wa kawaida, hesabu na masoko na sheria, faida zao hazikupanda kwa kiwango cha kuaminika. Waliofundishwa kujituma, yaani kutafuta fursa kabla haijatangazwa, kujitofautisha na jirani, kujipangia malengo na kung'ang'ana yanapokwama, faida ziliongezeka kwa asilimia 30.

Hapo kwenye kujitofautisha na jirani ndipo programu nyingi zinapojikwaa. Zinafundisha ushonaji kwa watu 30 wa mtaa mmoja, zinawapa vyerehani 30, kisha zinashangaa bei ya kushona sketi imeanguka hadi hailipi nyuzi. Mwaka unaofuata zinafundisha sabuni. Nimewahi kuingia kikundi ambacho wanachama wote 20 walitengeneza sabuni ya maji ya rangi moja, harufu moja, chupa moja, na walikuwa wakiuziana.

Tangu nistaafu, mimi na wenzangu wanne tumekuwa tukichanga kila mwezi. Hatuna jina wala ofisi, na tunagombana sana. Tumewasaidia watu 11 kwa miaka mitatu. Kila mmoja tulimuuliza kwanza amewahi kuuza nini au kumfanyia nani kazi hata bila malipo, maana kila mtu ana kitu, hata kama anaona haya kukitaja. Tunanunua kifaa kwa jina lake. Tunampa cha kujikimu miezi mitatu. Kisha mmoja wetu anapita kila wiki. Hachukui fedha, anaangalia daftari na kuuliza wiki ijayo itakuwaje.

Mmoja wao ni kinyozi kiziwi. Kwenye semina moja alikaa siku zote tano bila mkalimani wa lugha ya alama na akapewa cheti cha mahudhurio, ambacho amekitundika juu ya kioo, nadhani kwa dhihaka. Hofu yake ilikuwa wateja wangemkimbia kwa kushindwa kumweleza wanachotaka. Dada yake akachora mitindo 24 kwenye ubao, kila mmoja na namba. Mteja anaonyesha, anaketi. Siku hizi wapo wanaosikia vizuri kabisa wanaompenda kwa sababu hawataki kinyozi mwenye maneno.

Kati ya hao 11, saba biashara zinaendelea. Wawili wamepata ajira wakaziacha. Wenzangu wanawahesabu kuwa wameshindwa, mimi nawahesabu kuwa wamefaulu, maana si kila asiye na kazi alizaliwa kuwa mfanyabiashara, na kuna wengi wanaosukumwa sokoni kwa sababu tu sisi tumeshindwa kuwapa ajira. Mmoja alihama bila kuaga. Wa mwisho aliuza kifaa wiki ya tatu. Tulijua baadaye kwamba kulikuwa na msiba. Watu 11 si utafiti, najua. Wawili kati ya wale saba sasa wamekwenda kukopa kwenye taasisi yangu ya zamani na wanalipa kila wiki kutoka kwenye mauzo. Rejesho lao lina mahali pa kutoka.

Turudi kwenye picha. Kama nilivyosema, ninayo. Mstari wa pili, wa tatu kutoka kushoto, kuna kijana mwenye magongo ambaye bahasha yake ameishika kwa meno ili mikono ibaki huru. Mpiga picha wenu hakuona, au aliona akaiacha. Ombi langu kwenu ni dogo: wekeni alama kwenye kalenda, na mwezi wa nne tangu picha ile mtumeni mpiga picha yule yule akawatafute hao 40, kila mmoja alipo. Msiwaulize kama wanashukuru. Waulizeni wamelipa kiasi gani mpaka siku hiyo, na kiasi gani kati ya hicho kilitoka kwa wateja. Halafu ichapisheni ukurasa ule ule wa mbele.

Wenu,
Afisa mikopo mstaafu